Jaji wa Liberton

Msikilizaji, leo nakupeleka Edinburgh ya mwaka 1649. Tarehe 30 Januari Waingereza wamemkata kichwa Mfalme Charles wa Kwanza. Hata wiki haijaisha, Waskoti, walewale waliompiga vita baba, wanamtangaza mwana, naye pia Charles, kuwa mfalme wao. Ila kwa sharti: aapie Agano lao la dini, akubali kanisa la Kipresbiteri, hilo na si jingine.

Waskoti hao walikuwa watu wa chekeche. Mwezi huohuo wa Januari Bunge lao lilipitisha sheria ya kuwachuja wenye madaraka: aliyeunga mkono jeshi lililotumwa mwaka 1648 kumwokoa mfalme, atoke ofisini. Fagio hilo halikuwaacha hata majaji, na viti mahakamani vikabaki wazi. Kimojawapo alipewa George Winram, wakili tangu 1620, ambaye kwa desturi ya majaji wa huko aliitwa Lord Liberton, kwa jina la mahali alikotoka, kusini ya Edinburgh. Alipanda kwa sababu wenzake waliteremshwa. Silisemi hili kwa kumkejeli. Ndivyo vyeo vilivyogawiwa mwaka ule.

Mahakamani hakukaa sana. Mwaka haujaisha, akapanda meli na barua za kumpelekea mfalme kijana, aliyekuwa amejihifadhi katika kisiwa cha Jersey. Akiwa njiani, Winram aliandika kuwatafadhalisha wenzake wamwombee mfalme: kafukarika mno, mkate wake na wa watumishi wake hauonekani, na ukiwapekua yeye na nduguye hupati hata shilingi moja. Naipenda barua hiyo. Ina huruma ndani yake, na ina hesabu pia, maana mtu mwenye njaa habishani sana juu ya masharti.

Na kweli hakubishana sana. Machi 1650 Winram akawa miongoni mwa wajumbe waliokwenda Breda, Uholanzi, kukamilisha mapatano. Kabla mfalme hajafika Scotland, Edinburgh ilimnyonga Montrose, jemadari aliyekuwa akipigana kwa jina la mfalme huyohuyo. Charles alilimeza hilo nalo. Tarehe 23 Juni, meli ikiwa kwenye mdomo wa mto Spey, akaapa.

Cromwell, jemadari wa Waingereza, hakungoja. Mwezi uliofuata alivuka mpaka na jeshi lake. Mbele yake alikuwa David Leslie, jemadari mzoefu wa Waskoti mwenye askari wengi kuliko wake, aliyekataa kupigana mahali pabaya akawaacha Waingereza wadhoofike kwa njaa na maradhi. Hapo ndipo chekeche lilipotolewa tena. Mwezi Agosti, adui akiwa mlangoni, wakuu wa kanisa na serikali walikaa wakapitia majina ya jeshi lao wenyewe, wakawafukuza maofisa 80 hivi na askari wapatao 3,000, kwa kuwa imani yao haikuwaridhisha. Niambie, msikilizaji, ni nani hupunguza jeshi siku za vita?

Hata hivyo, Cromwell alibanwa Dunbar, bahari mgongoni, Leslie juu ya kilima cha Doon. Lakini Waskoti wakateremka bondeni. Alfajiri ya tarehe 3 Septemba, baada ya usiku wa mvua na upepo, Waingereza waliwavamia, na mambo yakaisha kwa muda mfupi. Cromwell alidai kuua 3,000 na kukamata 10,000. Maelfu ya mateka walisukumwa kwa miguu hadi Durham, wakafungiwa ndani ya kanisa kuu, wakafa kwa mamia. Mifupa ya baadhi yao ilifukuliwa mwaka 2013, mafundi walipokuwa wakichimba msingi karibu na hapo.

Jaji wetu naye alikuwa Dunbar, pamoja na jeshi. Alijeruhiwa.

Siku hiyohiyo alijeruhiwa na kutekwa mjumbe mwenzake wa Breda, Alexander Jaffray wa Aberdeen. Huyu alipona, akaachiliwa, akaishi hadi 1673. Katika shajara yake alikiri kwamba kule Uholanzi walitenda dhambi: walimwapisha kijana jambo ambalo walijua vyema kuwa moyoni analichukia. Mwishowe aliliacha kanisa lile, akajiunga na Wakweka.

Jaffray alipata miaka zaidi ya 20 ya kuyatafakari hayo. Winram alipata siku nane.