Diski ya Pili Bila Kupoteza Kumbukumbu

Leo tunazungumzia NAS, lile sanduku dogo linalounganishwa na ruta na kuweka picha, video na hati za nyumba nzima. Wengi hulinunua likiwa na nafasi mbili, wakatia diski moja kwanza kwa sababu diski ni ghali. Sasa pesa imepatikana. Je, utaongezaje diski ya pili bila kufuta yaliyomo kwenye ile ya kwanza?

Mji wetu unajua thamani ya picha iliyotunzwa. Mwaka 2006 Sammy Baloji, msanii mzaliwa wa hapa Lubumbashi, alichukua picha za wachimba madini wa enzi ya ukoloni, akaziunganisha na picha alizopiga mwenyewe kwenye mitambo chakavu ya kampuni ya madini ya Gécamines. Mfululizo ule, uitwao Mémoire, uliwezekana kwa sababu picha za wazee wale zilikuwa bado zipo. Picha za arusi na za matanga ya leo hazina karatasi. Diski ikifa, zimekwenda.

Tuelewane kwanza kuhusu kazi ya diski ya pili. Ukichagua mpangilio uitwao RAID 1, kila kitu kinaandikwa kwenye diski zote mbili. Diski mbili za terabaiti 4 zitakupa nafasi ya terabaiti 4, lakini moja ikifa, nyingine inaendelea. Ukichagua RAID 0, utapata terabaiti 8, ila moja ikifa, unapoteza vyote. Kwa kumbukumbu za familia, chagua RAID 1.

Sasa chukueni kalamu.

Hatua ya kwanza: kabla ya kugusa sanduku, nakili kila kitu kwenye diski ya nje ya USB. Kisha chomeka diski hiyo kwenye kompyuta nyingine, ufungue picha kadhaa na video moja mpaka mwisho. Nakala ambayo haijafunguliwa usiitegemee bado.

Hatua ya pili: pima afya ya diski ya zamani. NAS ina ukurasa wa SMART unaoonyesha saa ambazo diski imefanya kazi na sehemu zake zilizoharibika. Ni muhimu, kwa sababu kuunda RAID 1 kunailazimisha diski ya zamani isomwe yote, mwanzo hadi mwisho. Diski iliyochoka inaweza kufa katikati ya kazi hiyo. Ukiona sehemu mbovu zinaongezeka, ibadilishe kwanza.

Hatua ya tatu: nunua diski inayolingana na ya zamani au kubwa zaidi. Usishtuke kompyuta ikiisoma terabaiti 4 kama 3.6, ni hesabu tu, hujaibiwa. Muulize muuzaji kama diski ni ya aina ya CMR. Aina ya SMR huwa nzito sana inapoandikwa mfululizo, na kazi yetu leo ni kuandika mfululizo.

Hatua ya nne ndiyo inayowaponza wengi. Usitengeneze hifadhi mpya; igeuze ile iliyopo. Vifaa vya Synology na QNAP vina njia ya kugeuza diski moja kuwa RAID 1 huku data ikibaki mahali pake. Diski mpya pekee ndiyo itakayofutwa. Soma onyo kwenye skrini neno kwa neno. Likisema diski zote mbili zitafutwa, simama, rudi nyuma. Wanaotumia mfumo wa hifadhi wa ZFS wakumbuke: amri ya attach inaunda kioo, kama RAID 1, lakini amri ya add inatawanya data juu ya diski mbili bila kinga.

Hatua ya tano ni umeme. Kwa mwendo wa megabaiti 150 kwa sekunde, kuandika terabaiti 4 kwenye diski mpya huhitaji zaidi ya saa 7. Hapa kwetu, umeme wa saa 7 bila kukatika si jambo la kutegemea. Weka onduleri, na uiunganishe na NAS kwa waya wa USB. Betri yake haitamaliza kazi hiyo, lakini itaipa NAS dakika za kujizima vizuri. Mifumo mingi huendelea ilipoishia umeme ukirudi. Msimu wa mvua, radi inapopiga, subiri siku nyingine.

Ndugu wasikilizaji, lililo kubwa kuliko yote ni hili: RAID 1 si nakala. Inakulinda dhidi ya kifo cha diski moja tu. Mtoto akifuta picha, inafutika kwenye zote mbili papo hapo. Virusi vikifunga mafaili, vinayafunga kote. Mwizi akibeba sanduku, amebeba vyote. Kwa hiyo ile diski ya USB ya hatua ya kwanza usiirudishe kazini. Ipeleke kwa dada yako Kampemba au kwa mjomba Katuba, na kila mwezi uichukue uiongezee mapya.

Na mwenye pesa ya diski moja tu leo aanze na hiyo ya USB. Ile ya pili ndani ya sanduku itafuata.