Butura ya Hewa



Nimeombwa niseme juu ya biashara ya hewa ukaa. Nitaanzia kwenye jambo tulijualo sana hapa Karagwe, yaani butura. Mkulima mwenye shida ya karo au ya mgonjwa huiuza kahawa yake ingali maua mtini. Mnunuzi hupanga bei, na siku ya mavuno mwenye shamba huchuma kahawa isiyo yake.

Sasa tutazame nchi za baridi. Huko viko viwanda vitengenezavyo vifaa vya michezo ya theluji: mbao za kutelezea, viatu, makoti. Theluji ikikosekana biashara yao imekufa, na kwa hiyo baadhi yao wameahidi hadharani kupunguza moshi wao na kuutolea hesabu. Hofu yao si ya bure. Hata Kilimanjaro yetu, kati ya mwaka 1912 na 2007, ilipoteza asilimia 85 ya barafu yake.

Hesabu hiyo ina mafungu matatu. La kwanza ni moshi wa kiwanda chenyewe na magari yake. La pili ni wa umeme kinaonunua. La tatu ni wa wote wanaokitengenezea malighafi, wanaosafirisha na wanaotumia bidhaa zake. Kwa viwanda vya namna hii fungu la tatu ndilo kubwa, na ndilo rahisi kuachwa nje ya karatasi. Nabii Amosi aliwakaripia wafanyabiashara waliopunguza kipimo na kuchezea mizani. Anayetangaza usafi wake kwa kuhesabu mafungu mawili tu ni ndugu yao.

Moshi usiopunguzwa, kampuni nyingi huufidia kwa kununua vyeti vya hewa ukaa, na hapo ndipo sisi tunapoingia. Kabla Kyerwa haijawa wilaya mwaka 2012, shirika la Vi Agroforestry kutoka Sweden lilikwisha kuleta kwetu mradi wa Emiti Nibwo Bulora, chini ya kanuni za Plan Vivo: mkulima hupanda miti shambani mwake, miti hukaguliwa, naye hulipwa kwa awamu. Kanuni hizo hutaka walau asilimia 60 ya mapato iwafikie wananchi. Si jambo baya. Miti hushika udongo, hutoa kuni na mbao, na huipa mibuni kivuli.

Lakini katika utaratibu wa aina hii cheti huweza kuuzwa kabla mti haujakua. Je, hii si butura? Mara nyingi fedha huja miaka ya mwanzo, ilhali mti hutakiwa kusimama hata baada ya mwenye shamba kufariki. Mtoto atakayerithi nusu ekari atapanda wapi migomba? Papa Fransisko, katika Laudato si' ya mwaka 2015, alionya kwamba biashara ya vyeti hivi yaweza kuzaa ulanguzi mpya, na kuwa kisingizio cha wengine kuendelea kutumia kupita kiasi.

Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina kanuni za biashara ya kaboni, na mradi hauna budi kusajiliwa. Basi atakayeletewa mkataba aulize umesajiliwa wapi, nani ananunua, mnunuzi huyo amepunguza nini kwake kwanza, malipo yanakoma mwaka gani na wajibu wa kutunza mti unakoma mwaka gani. Asomewe kwa Kinyambo, mkewe akiwapo, maana mama ndiye anayejua shamba linalisha watu wangapi. Kamati ya Haki na Amani ya parokia iko tayari kuusoma pamoja naye kabla hajatia dole gumba.