Kidonda cha Mguu na Sukari Isiyopimwa: Mada kwa Wauguzi wa Handeni na Korogwe Waliokutana Mpale



Nimepangiwa kuzungumzia misingi ya kinga, maradhi ya homoni, na maambukizi ya ngozi na vidonda. Mawili ya mwanzo nitayapitia haraka, kwa kuwa sote tuliyasoma chuoni na kuyafanyia mtihani.

1. Kinga

Kinga ya awali humzuia mtu asiugue, ya pili hugundua ugonjwa mapema, ya tatu humwepusha aliyekwisha kuugua na ulemavu. Chanjo ya pepopunda, chumvi yenye madini joto dhidi ya rovu, kunawa mikono katika nyakati 5 za Shirika la Afya Duniani: hayo ni ya kila siku kazini.

2. Homoni

Tezi ya shingo ikizidisha homoni, mgonjwa hukonda, hutetemeka na moyo humwenda mbio. Ikipunguza, huchoka, hunenepa na kuhisi baridi. Kongosho lisipotoa insulini ya kutosha, au mwili usipoiitikia, hicho ni kisukari. Vipimo mnavijua: milimoli 7.0 kwa lita au zaidi kabla ya kula, au 11.1 na kuendelea wakati wowote kwa mwenye dalili.

Utafiti wa McLarty na wenzake wa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa watu wazima wa vijijini Tanzania hakifiki asilimia 1. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takribani asilimia 9 ya wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Mbinu zilitofautiana, na idadi hizi zilinganishwe kwa tahadhari. Hata hivyo, anayeendelea kusema kisukari ni ugonjwa wa mjini aje akae nami siku moja chumba cha kufungia vidonda.

3. Vidonda

Majipu, upele na ukurutu naviacha. Miongozo ipo na dawa zake mnazijua. Naomba muda wote uliobaki niutumie kwa kidonda cha mguu.

Aliyeishi na sukari ya juu kwa miaka hupoteza hisia za nyayo. Damu hufika miguuni kwa shida, na chembe nyeupe hupambana na vijidudu kwa unyonge. Huku milimani, baridi ya Juni na Julai ikikaza, mzee husogeza miguu jikoni aote moto, akaungua bila kujua. Kule Handeni mwiba hupenya kandambili iliyolika kisigino, mtu akatembea nao hadi jioni. Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake waliandika mwaka 2005 habari za wagonjwa wa kisukari jijini Dar es Salaam waliong'atwa miguu na panya usingizini. Wao pia wameeleza jinsi mkono unavyoweza kuvimba na kuoza kutokana na mkwaruzo mdogo au kuumwa na mdudu, kwa hiyo mikono nayo tusiisahau.

Mtu anaona kidonda asichokumbuka alikipataje. Majirani wanasema amekanyaga kitu, na safari ya kwanza ni kwa mganga. Wengine hufungua vidonge vya rangi mbili na kumimina unga wake kidondani. Unga huganda juu, usaha ukabaki chini. Siwalaumu. Maelezo waliyo nayo ndiyo hayo, na sisi hatujawapa mengine.

Kinachonikera ni yanayotokea akishafika kwetu. Fungueni daftari la chumba cha vidonda katika kituo chochote, nami sitataja kimoja. Mtakuta jina, tarehe, kisha neno «dresingi» likishuka ukurasa mzima, wiki baada ya wiki, jina ni lile lile. Safu ya sukari haipo. Tunabadilisha gozi kwa uaminifu, tunamimina spiriti inayounguza nyama changa, na hakuna aliyetoboa kidole. Sukari inapimwa siku kidole cha mguu kimekuwa cheusi na gari la kwenda hospitali ya Bombo, Tanga, linatafutwa. Nimelisema hili katika vikao vilivyopita, likaandikwa kwenye kumbukumbu, na ukurasa haujabadilika.

Inawezekana kufanya vingine. Mradi wa Hatua kwa Hatua, ulioanza nchini mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulifundisha daktari na muuguzi kwa pamoja kukagua mguu, kukata sugu na kuondoa nyama iliyokufa. Hata pasipo uzi wa nailoni wa gramu 10 wa kupimia hisia, tuna kidole chetu. Mgonjwa afumbe macho. Gusa kwa wepesi, kwa sekunde moja au mbili, ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu, bila kusukuma. Asipohisi viwili au zaidi kati ya vyote 6, miguu yake iko hatarini. Jaribio hili lilitoka Ipswich, Uingereza, na halihitaji kifaa chochote kutoka bohari.

4. Mapendekezo

Bila kuingilia mamlaka ya Wizara wala ya Halmashauri, napendekeza yafuatayo.

Kila mtu mzima mwenye kidonda cha mguu apimwe sukari siku ya kwanza, kabla ya gozi. Safu ya sukari ichorwe kwa rula kwenye daftari la vidonda leo hii, tusisubiri daftari jipya.

Chumba cha vidonda kiwe na glukomita yake, isiyoazimwa wodini, na stripu ziagizwe kabla hazijaisha.

Kidonda kioshwe kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9, spiriti ibaki kwa ngozi nzima. Mgonjwa asikanyagie kidonda, kwani dresingi haiponyi mguu unaolimia shamba.

Usaha unaonuka, uvimbe unaopanda, homa, kidole cheusi au mfupa unaoguswa ni rufaa ya siku hiyo hiyo.

Kliniki ya kisukari ivue viatu vya kila mgonjwa, kila ziara. Asiye na jokofu aelekezwe kuhifadhi insulini kwenye chungu chenye mchanga mbichi, kivulini.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe jaribio la kidole, na waganga wa jadi waalikwe, kwa heshima, watuletee wenye vidonda mapema.

Narudia: sukari ipimwe siku ya kwanza. Timu ya wilaya ikija kwa usimamizi shirikishi, ianze na daftari la vidonda kabla ya kusaini kitabu cha wageni.