Urithi Usiwe Mzigo

Somo: Luka 12:13-21



Katika somo letu mtu mmoja anamwomba Bwana Yesu amwamuru ndugu yake wagawane urithi. Hatuambiwi habari za baba yao. Lakini sisi tunaokaa katika milima hii ya Kisii na Nyamira twaweza kumfikiri: mzee aliyeondoka bila kusema neno.

Tuchukue mfano. Mzee ana ekari mbili, nusu yake chai, na hisa chache za kiwanda. Nambari ya kuuzia chai ni ya jina lake. Hati ya shamba ingali na jina la babu. Wana wawili wako Nairobi, binti ameolewa Borabu, na kitinda mimba ndiye anayechuma. Mzee husema moyoni, "Ni yao wote." Huo ni upendo. Lakini akiisha kuzikwa, nani atapokea bonasi? Nani atanunua mbolea? Nani atamlipa mpima ardhi? Wa Nairobi hawaitaki chai, wala hawapendi mwingine aichukue. Chai inageuka msitu, na ndugu wanaonana mahakamani.

Kilichokuwa baraka mkononi mwa baba kimekuwa deni mkononi mwa watoto. Kosa si la shamba. Kosa ni kwamba hakuna aliyeulizwa.

Wengine wetu husema, "Nilikwisha kuwaambia kwa mdomo." Tufahamu kwamba Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika nchini Kenya tarehe 1 Julai 1981, inakubali wosia wa mdomo uliosemwa mbele ya mashahidi wawili, lakini tu ikiwa msemaji amefariki kabla ya miezi mitatu kupita. Wosia ulioandikwa, ukatiwa sahihi mbele ya mashahidi wawili wasio warithi, hauna mpaka huo. Tena sheria hiyo ikitaja watoto haibagui mwana na binti. Hata Musa, mabinti wa Selofehadi walipomjia wakidai fungu la baba yao, alipeleka neno lao kwa Bwana, na Bwana akasema wana haki.

Mbona basi twanyamaza? Tukubali kweli. Twaogopa kuitaja mauti, kana kwamba tunaiita. Tena twaogopa kwamba tukigawa leo, kesho hatutaheshimiwa.

Ndugu, watoto watakapokuja nyumbani Krismasi, tuwaketishe pamoja, na binti awepo. Tuwaonyeshe karatasi zote, na madeni ya ushirika tusiyafiche. Kisha tumwulize kila mmoja, "Wewe wataka nini?" Mmoja akijibu, "Baba, mimi siwezi kuitunza chai, mpe anayeichuma," tusikasirike. Hakutudharau, ametuondolea kesi.

Yule tajiri katika mfano wa Bwana alipanga ghala zake peke yake, na usiku ule ule akaulizwa mali hiyo itakuwa ya nani. Sisi tungali na nafasi ya kujibu.

Tuombe. Baba wa mbinguni, utupe ujasiri wa kusema na watoto wetu tungali hai, na masikio ya kuwasikia. Amani yao iwe urithi wetu wa kwanza kwao. Amina.