Msaada Usio na Deni



Leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza huonekana ni la vijana na michezo yao, lakini kwa hakika ni jambo letu sisi wazee, walimu na majirani.

Tumchukulie kijana mmoja wa Tunguu. Hatumtaji jina, kwani hatumkusudii mtu mmoja. Kila kijiji kina wake. Yumo kidato cha tatu. Amerefuka mno kwa muda wa miaka miwili, hata suruali ya skuli haimfiki tena kwenye vifundo vya miguu. Jioni hupanda daladala kwenda mjini kucheza mpira wa kikapu, na anaporuka, wapita njia husimama kumtazama. Siku moja mtu akamwambia babake: "Mzee, mtoto huyu ni wa Marekani. Huko vyuo vikuu huwasomesha bure vijana wenye kimo na kipaji kama hiki." Tangu siku hiyo nyumba ile haina utulivu. Ami yake anasema shamba la minazi liuzwe ili apatikane wakala wa kumpeleka. Mama anauliza mwanawe atakula nini na atalala wapi. Mwalimu wake wa hesabu anasikitika kwamba daftari la kijana halina kitu tangu mwezi uliopita. Na kijana mwenyewe, ambaye habari zote hizi ni zake, hajaulizwa na mtu.

Je, tumsaidieje kijana huyu? Hilo ndilo swali letu la leo.

Kwanza kabisa tukubali kwamba ndoto yake si upuuzi. Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Alianza kucheza mpira wa kikapu akiwa na umri wa kiasi cha miaka 15, umri ambao wengine huona kuwa wamekwisha kuchelewa. Akasoma Makongo, akavuka bahari, akamalizia sekondari mjini Houston, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Mwezi wa Juni mwaka 2009, timu za ligi kuu ya Marekani zilipokuwa zikichagua wachezaji wapya, yeye alichaguliwa wa pili, na timu ya Memphis. Akawa Mtanzania wa kwanza kuingia katika ligi ile. Kwa hiyo asitokee mtu akamwambia kijana wetu kwamba mambo haya ni ya watu wengine.

Lakini tuisome habari hiyo mpaka ukurasa wake wa mwisho. Aliyechaguliwa wa pili kati ya vijana wote wa mwaka ule alicheza katika ligi ile misimu mitano, na mwaka 2014 safari yake huko ikamalizika. Hatusemi haya ili kumpunguzia heshima, la hasha. Alifika mahali ambapo Mtanzania hakuwahi kufika kabla yake. Tunasema ili tutambue kwamba hata kwa aliyebarikiwa kimo cha zaidi ya mita mbili na sentimita ishirini, mpira ni kazi ya miaka michache. Mtu huishi miaka mingi baada ya kuacha kuruka.

Sasa tumtazame jirani yetu wa Kongo. Dikembe Mutombo alizaliwa Kinshasa mwaka 1966. Mwaka 1987 alikwenda Chuo Kikuu cha Georgetown, mjini Washington. Wengi hudhani alipelekwa na mpira. Sivyo. Alipelekwa na masomo: alipata ufadhili wa shirika la misaada la Marekani, na nia yake ilikuwa kusomea udaktari. Huko huko chuoni mwalimu wa timu akamwita ajiunge na timu yake. Akacheza, lakini hakuacha kitabu. Alihitimu mwaka 1991 katika taaluma za lugha na diplomasia, kisha akacheza misimu 18. Udaktari hakuupata, lakini mwaka 2007 hospitali aliyoijenga Kinshasa, iliyopewa jina la mama yake, Biamba Marie Mutombo, ilianza kupokea wagonjwa. Alipofariki mwezi wa Septemba mwaka 2024, watu walilia kwa ajili ya mchezaji, na wengine walilia kwa ajili ya hospitali.

Ndugu wasikilizaji, hapo ndipo tunapolipata jibu la kwanza. Kumsaidia kijana kupata ufadhili wa chuo kwa njia ya mpira huanzia mezani, penye taa na daftari. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu vingi vya Marekani, kijulikanacho kwa herufi NCAA, hakimruhusu kijana kuanza kucheza katika madaraja yake mawili ya juu mpaka masomo yake ya sekondari yakaguliwe: Kiingereza, hesabu, sayansi na masomo ya jamii, jumla ya masomo 16 ya msingi, tena kwa alama zisizoshuka chini ya kiwango kilichowekwa. Ukaguzi huo hautazami mwaka wa mwisho peke yake. Hurudi nyuma mpaka mwanzo wa sekondari. Maana yake ni kwamba yule mwalimu wa hesabu anayelalamika juu ya daftari tupu, naye ni kocha. Anayemwachia kijana asisome kwa kuwa "huyu ni mchezaji" anamfungia mlango ule ule anaodai kumfungulia.

Jibu la pili ni kumwambia ukweli. Kwa hesabu za NCAA yenyewe, katika kila vijana 100 wa kiume wanaocheza mchezo huu katika sekondari za Marekani, wanaopata nafasi ya kucheza katika vyuo vya chama hicho hawafiki wanne. Na katika daraja la kwanza ni kiasi cha mmoja tu. Hao ni wenyeji, wenye viwanja na walimu tangu utotoni. Aidha, daraja la tatu, lenye vyuo vingi kuliko mengine, halitoi ufadhili wowote kwa ajili ya mchezo. Humsaidia mwanafunzi kwa sababu ya masomo yake au kwa kuwa wazazi wake hawana uwezo. Na ufadhili wenyewe si lazima uwe kamili. Upo unaolipa ada na kuacha chakula, upo unaolipa nusu, na mwingi huandikwa kwa mwaka mmoja mmoja. Kumwambia kijana haya si kumvunja moyo. Baharia huambiwa habari za miamba kabla ya kutweka tanga, si baada ya chombo kupasuka.

Ukweli huo tuuseme pia kwa wale tunaowaomba. Kijana anapomwandikia kocha wa ng'ambo, barua iwe fupi na ya haki: kimo kilichopimwa, wala si cha kukisia, matokeo ya mitihani kama yalivyo, picha za mchezo mzima, pamoja na mipira aliyoikosa. Na umri, ndugu zangu, uwe ule ulioandikwa katika cheti cha kuzaliwa. Wapo watakaonong'ona: "Mpunguzieni miaka miwili, nani atajua?" Wanaonong'ona hivyo hawatakuwapo siku karatasi zitakapofunuliwa mbele ya ofisa wa viza. Uongo wa mzee hulipwa na mtoto.

Jibu la tatu ni ulinzi. Mahali penye ndoto kubwa na wazazi wasiojua njia, ndipo wachuuzi wanapotandika biashara zao. Mwaka 2018, katika mji wa Charlotte, jimbo la North Carolina, mkuu wa skuli moja binafsi alishitakiwa kwa sababu ya wachezaji vijana walioletwa kutoka nchi za kigeni kwa hati za uanafunzi, ilhali hawakuwa wakisoma katika skuli yake. Akakiri kosa mbele ya mahakama. Watoto wa watu walikuwa wamefanywa bidhaa. Kwa hiyo, mtu akija Tunguu na kusema, "Nipeni fedha, mimi nitamaliza kila kitu," tumwulize maswali ya kawaida kabisa. Chuo ni kipi? Nani pale chuoni tumwandikie moja kwa moja? Barua ya kumpokea iko wapi, na inasema atalipiwa nini na kwa muda gani? Mtoto ataishi kwa nani? Kisha tuwaulize wenye chuo wenyewe, na habari za viza tuziulize ubalozini, kwani kanuni zake hubadilika kwa amri ya siku moja. Wala asitie saini karatasi ambayo hajasomewa mpaka mwisho na mtu anayeielewa. Tangu mwaka 2021 wachezaji wa vyuo wameruhusiwa kupata fedha kwa kutumia majina yao, na habari hiyo huwatia watu tamaa. Lakini aliyeingia kwa viza ya mwanafunzi anabanwa na sheria za uhamiaji katika kazi na mapato. Shamba la minazi likiuzwa kwa neno la mgeni, halirudi kwa neno la mgeni.

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno yetu, ambacho hakimo katika kanuni za chama chochote. Tumsaidie kijana huyu kwa ajili ya nani?

Tuwe wakweli nafsini mwetu. Mara nyingi tunapomchangia mtoto, kila mmoja hutia shilingi yake kwenye kikapu, na moyoni hutia hati ya madai. Ami anaona nyumba ya mawe. Jirani anaona kazi kwa mwanawe. Mwalimu wa timu anaona jina lake gazetini. Mtoto anapanda ndege akiwa na begi moja mkononi na madeni ya kijiji kizima mgongoni. Akiumia goti, hathubutu kusema. Akishindwa mtihani, anaficha. Akirudi nyumbani bila ya kitu, haingii kwa mlango wa mbele. Je, huo ulikuwa msaada, au tulikuwa tumepanda mbegu na kungoja kuvuna?

Wahenga wetu walisema: tenda wema wende zako, usingoje shukrani. Neno hilo ni gumu kuliko linavyosikika, kwa sababu umaskini wetu ni wa kweli, na mzee aliyetoa akiba yake si mtu mbaya. Lakini mtoto ni amana ya Mwenyezi Mungu. Mtaji ni kitu kingine. Anayetaka kumsaidia, na amwambie mapema, kwa maneno ya wazi: "Mwanangu, ukifika tutafurahi. Usipofika, wewe ni wetu vile vile." Kijana aliyesikia maneno hayo huruka juu zaidi, maana hakubebeshwa mtu.

Kisha tumwoneshe kwamba milango ni mingi. Hapa hapa Tunguu, katika njia ile ile anayopita na daladala yake, pana vyuo vikuu viwili. Chuo Kikuu cha Zanzibar kilianza mwaka 1998, na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1999. Ipo pia Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar kwa wasio na uwezo. Daftari litakalomfikisha Connecticut ndilo litakalomfikisha ng'ambo ya pili ya barabara. Mpira peke yake haumfikishi kokote kati ya mahali hapo pawili.

Wala tusiwasahau binti zetu. Naye msichana ana kimo, ana mkono mwepesi, ana ndoto. Zamani wazazi wengi waliona kwamba stara na mchezo huu havikai pamoja, na kanuni za dunia ziliwaunga mkono kwa kukataza vazi la kichwa uwanjani. Shirikisho la dunia la mchezo huu liliiondoa katazo hiyo mwaka 2017. Kwa hiyo kijana wa kiume akipewa taa ya kusomea na nauli ya kwendea mazoezini, dada yake asiachiwe mzigo wa kuni na kuambiwa yake ni jikoni.

Ndugu wasikilizaji wapenzi, si sote tunaoweza kuandika barua za Kiingereza, wala si sote tunaojua kufundisha mchezo. Lakini yuko anayeweza kutoa mafuta ya taa au umeme wa saa mbili. Yuko anayeweza kumsikiliza akisoma. Yuko anayeweza kumwuliza wakala swali ambalo baba ameona haya kuliuliza. Na yuko, pengine ni wewe unayetusikiliza sasa, anayeweza kumketisha kijana chini ya mwembe na kumwuliza lile ambalo hakuna aliyemwuliza: "Wewe mwenyewe, mwanangu, unataka nini?" Kisha anyamaze, amsikilize.

Mwenyezi Mungu atujaalie mikono inayotoa bila ya kuandika deni.