Mtoto wa Kwanza Kuingia Chuo Kikuu
Mimi nilisoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani na shule ya msingi, basi. Binti yangu alipopata nafasi Makerere, aliniletea fomu. Nikaigeuza-geuza, nisijue pa kuanzia. Mwaka 1990 chuo kikuu kile kilianza kuwaongezea wasichana alama 1.5 wapate kuingia kwa wingi. Jambo jema, lakini alama humfikisha mtu mlangoni tu. Muhula wa kwanza alitaka kurudi nyumbani, nami, Mungu anisamehe, nilikuwa tayari kumpokea. Aliyemzuia ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, aliyempeleka kwa mshauri wa wanafunzi. Naomba chama chetu kiwaandike wahitimu wetu, kila mmoja akabidhiwe kijana mmoja kabla muhula haujafunguliwa.