Parafenilinidiamini: Rangi Nyeusi katika Saluni na Vinyozi vya Kibera na Kawangware

Parafenilinidiamini, PPD kwa kifupi, ni amini aromatiki: pete ya benzini yenye vikundi viwili vya amini, kila kimoja upande wake. Ikiwa safi ni fuwele nyeupe. Ikikaa hewani huingia weusi. Viwandani hutengenezewa nyuzi za fulana za kuzuia risasi, na jamii zake huchanganywa katika mpira ili matairi yasipasuke mapema. Maabarani, jamaa yake mmoja hutambulisha bakteria: wale wa kipindupindu huigeuza dawa kuwa zambarau, E. coli hawaigeuzi.

Kazi yake kubwa mtaani ni kupaka nywele. Ikikutana na haidrojeni peroksaidi hugeuka rangi nyeusi ndani ya unywele, isiyotoka kwa maji. Sheria za Ulaya zinataka isizidi asilimia 2 kichwani baada ya kuchanganywa, tena isipakwe ngozini kabisa.

Lakini mtaani, ngozini pia hupakwa. Kwa Wanubi wa Makina, Kibera, wajukuu wa askari wa Kisudani wa jeshi la mkoloni, hakuna harusi bila hina. Majani ya mhina hutoa rangi ya machungwa hadi kahawia, na huhitaji saa nyingi. Weusi tititi unaoshika upesi ni piko, na piko ni rangi ya nywele. Tangu miaka ya 1980 madaktari wa Sudan wameeleza madhara ya PPD, hasa ikimezwa: uso na shingo huvimba hadi pumzi kuziba, misuli huharibika, mkojo huwa mweusi, figo husimama. Dawa mahsusi ya kuivunja sumu hiyo haipo.

Kwa kinyozi wa Kawangware ugumu ni mwingine. Pakiti huagiza tone lijaribiwe ngozini saa 48 kabla. Mteja wa ndevu hukaa kitini chini ya saa moja. Onyo liko kwenye pakiti, mteja huona bakuli. Naye akisema amepaka miaka yote bila shida, hajathibitisha lolote, kwa kuwa mzio huu hujengeka kwa kurudiarudia, na ukishaingia hautoki.

Bila kulaumu ofisi yoyote, viwango vya KEBS, shirika la viwango la Kenya, havitamlinda mtu ikiwa poda ya rangi imehamishiwa kikaratasi kisicho na jina. Inapendekezwa poda isiuzwe nje ya pakiti yake. Mteja aonyeshwe pakiti kabla ya bakuli. Tone lipakwe nyuma ya sikio siku ya kunyoa, rangi ije safari inayofuata. Piko isiguse ngozi, ya mtoto hasa. Mpakaji avae glavu, maana yeye huigusa kila siku. Maafisa wa afya ya umma wakague pakiti, si leseni peke yake. Na, kwa mara nyingine, poda isihamishwe.

Aliyevimba uso akimbizwe hospitali papo hapo, na pakiti iende pamoja naye.